Mazoezi ya kizunguzungu yanamzidishia mama. Aache?

Mleta uzi
Wakuu, naomba ushauri. Mama yangu ana miaka 63. Miezi miwili iliyopita aliamka nyumba inazunguka, akatapika siku mbili mfululizo. Daktari akasema mshipa wa fahamu wa sikio la ndani umevimba. Kile kikali kimepita, ila mpaka leo anatembea akishika ukuta, na akigeuka ghafla anapepesuka. Mtaalamu wa fiziotherapia kampa zoezi: ashike kadi yenye herufi moja, aikazie macho huku akigeuza kichwa kushoto na kulia. Hata dakika haiishi, kichefuchefu kinamshika, kadi anaitupa kitandani. Naumia kumwona hivyo. Aache, arudi kwenye vidonge?

Kumbakumba
Pole sana mkuu. Kuna ile ya kulazwa chali kichwa kikining'inia, jirani yangu alipona siku hiyo hiyo.

Fundi wa Viungo
Hiyo ni Epley, ni ya tatizo jingine: chembe za chokaa zimeingia kwenye mifereji ya sikio la ndani, mtu akijigeuza kitandani dunia inazunguka kwa sekunde kadhaa, kisha inatulia. Kwa mama haitasaidia. Mshipa wake wa upande mmoja unapeleka taarifa pungufu, na ubongo inabidi ujifunze upya. Herufi inapocheza machoni ndipo ubongo unapojirekebisha, kwa hiyo kizunguzungu kidogo wakati wa zoezi kinatarajiwa. Kikitulia baada ya dakika chache, aendelee. Kikimwandama saa nzima, apunguze kasi na muda, ila asiache. Aanze ameketi, sekunde 20 tu, mara kadhaa kwa siku. Kusimama baadaye, mtu akiwa pembeni. Vidonge ni vya siku za mwanzo. Vikiendelea wiki na wiki vinamchelewesha. Kama bado anavitumia, aongee na daktari kwanza.

MamaWawili
Nimepitia hayo, ndugu yangu. Nililia sana wiki ya kwanza. Siku moja nikajikuta naosha uso, macho nimefumba, mikono yote miwili usoni. Sinki sijaishika!

Fundi wa Viungo
Nimesahau la muhimu: akiongea kwa shida, mkono ukalegea, akaona viwili viwili au kichwa kikamuuma ghafla kuliko kawaida, hospitali hapo hapo. Huenda ni kiharusi.

Mleta uzi
Asanteni sana. Jioni hii kaketi, sekunde 20, mara mbili. Kadi hajaitupa.