Tupeane uzoefu: mtoto aliyebanwa kifua akiwa mchanga, je, baadaye alipata pumu?

Wazazi wenzangu, naanza na wangu. Mwanangu wa pili alipata mafua akiwa na miezi minne, na siku ya tatu, nilipomvua fulana, niliona mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi, huku kifua kikilia kama filimbi. Tulilazwa siku tano akiwa kwenye oksijeni. Daktari alinieleza kwamba vijia vidogo vya hewa vilikuwa vimevimba kwa sababu ya virusi, ambavyo kwa watoto wa umri ule mara nyingi huwa ni RSV, na kwamba antibayotiki haziviui. Hata hivyo, tangu hapo kila mafua yalipoingia nyumbani alibanwa, na kila tulipofika zahanati tuliandikiwa amoksilini, ambayo ni antibayotiki, kwa jina la nimonia. Nilihesabu chupa saba kabla hajatimiza miaka mitatu. Aliyempa dawa ya kupuliza kwa mara ya kwanza alimtuliza kabla sijamaliza kujaza fomu. Sasa ana miaka sita na mwaka huu hajabanwa hata mara moja. Wenu ilikuwaje?

Baba Mapacha, Morogoro: Wangu waliugua pamoja wakiwa na miezi sita, na wote wawili waliacha kubanwa walipofika darasa la pili. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Tucson, Marekani, ulioanza mwaka 1980 na kuwafuatilia watoto tangu kuzaliwa: waliougua RSV kabla ya miaka mitatu vifua vyao vililia kama filimbi zaidi ya vya wenzao utotoni, lakini walipofika miaka 13 tofauti hiyo haikuonekana tena.

Mama wa Moshi: Wangu hakuacha, dada, naye ana miaka kumi na mmoja. Mimi mwenyewe nina pumu, na yeye alikuwa na ukurutu wa mzio tangu akiwa na miezi miwili, kwa hiyo sidhani kwamba mafua peke yake ndiyo ya kulaumiwa. Watafiti wa Wisconsin waliona kwamba watoto ambao vifua vyao vililia kama filimbi kwa virusi vya mafua ya kawaida, yaani rainovirusi, katika miaka mitatu ya mwanzo walikuwa na uwezekano wa takriban mara kumi wa kuwa na pumu wakiwa na miaka sita. Lakini hao walikuwa watoto wa wazazi wenye pumu au mzio, na huenda virusi vilifichua tu kifua kilichokwisha kuelekea huko.

Bibi wa Tanga: Mjukuu wangu alikuwa akipuliziwa dawa mdomoni na yote ikiishia kwenye ulimi. Muuguzi alituonyesha kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita kwa waya wa moto, tundu lienee mdomo wa pampu barabara, naye mtoto akaweka midomo kwenye shingo ya chupa; unapuliza mara moja, anavuta pumzi tano au sita taratibu, ndipo unapuliza tena. Jiko la mkaa nalo tulilihamishia uani wiki ileile.