Mrejesho: Marekebisho ya nyumba ya mama
Niliuliza namna ya kurekebisha nyumba ili mama, anayetumia kiti cha magurudumu tangu apatwe na kiharusi, aweze kuingia ndani na kwenda msalani bila kubebwa. Nawashukuru nyote mliojibu.

Ngazi za mbele zina kimo cha sentimita 30. Kwa kufuata kanuni mliyonipa, kwamba kila sentimita 1 ya kimo inahitaji angalau sentimita 12 za urefu, njia ya mteremko imefikia mita 3.6, jambo lililomshangaza fundi, ambaye alikuwa amekusudia nusu ya hapo. Sasa hata mjukuu wa mama humsukuma bila kuhema.

Msalani tumefunga kishikio upande wa kulia wa choo, kwa kuwa mkono wake wa kushoto hauna nguvu, na skrubu zake zimeingia kwenye tofali lenyewe badala ya kuishia kwenye plasta, kwa sababu anapoinuka hukiegemezea karibu uzito wake wote. Mlango nao umegeuzwa ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka ndani, mwili wake huweza kuuzuia mlango unaofunguka kwa ndani. Kwa maoni yangu, ushauri huo ulikuwa na thamani kuliko mwingine wote, nao ulihitaji kazi ya kuhamisha bawaba na komeo tu.

Zulia la sebuleni tumeliondoa, ingawa mama alinung'unika sana. Kimebaki kizingiti cha jikoni, ambacho fundi atakisawazisha wiki ijayo.