Sketi ya gauni la 1859 haisimami: naomba mwongozo

Mama Nasra, Temeke
Assalaam aleikum, ndugu mafundi. Kikundi chetu kinaandaa igizo la maisha ya Unguja mwaka 1859, nami nimepewa kazi ya kumshonea gauni mke wa mfanyabiashara wa Kimarekani. Nilitumia satini ya poliesta, nikaweka zipu mgongoni na marinda kiunoni, lakini mwigizaji alipolivaa, sketi ilimganda miguuni kama shuka lililoloa, na kwa joto la Dar alitota jasho kabla ya onyesho la kwanza kwisha. Nimekosea wapi?

Fundi Hamisi, Kariakoo
Pole, dada. Kosa limo chini ya gauni. Zamani wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa magagulo kadhaa yaliyotiwa wanga, hadi mwaka 1856 ilipopewa hataza fremu ya ringi za chuma chembamba zilizoning'inizwa kwa mikanda ya kitambaa. Kwa hiyo igizo lako linairuhusu. Gagulo la ringi la mabibi harusi litakufaa, ila angalia umbo: la harusi hupanuka taratibu kuelekea chini, ilhali la wakati ule lilianza kutanuka karibu na kiuno, likawa kama kuba. Mimi huongeza ringi moja sentimita 20 chini ya kiuno, kisha huvika juu yake gagulo la pamba ili ringi zisijichore kwenye gauni. Pima urefu wa sketi mwigizaji akiwa amevaa vyote hivyo, la sivyo pindo litapanda.

Bi Zuhura, Ilala
Naongezea kuhusu kiuno, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Sketi iwe na mzunguko wa karibu mita 4. Kunja ukingo wa juu, pitisha kwa mkono mistari miwili ya mishono inayolingana kabisa, juu na chini, kwa uzi imara, kisha uvute: mikunjo itasimama wima, mmoja mmoja, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa, nawe utaushona kila mkunjo kwenye kiuno peke yake. Cherehani huilaza, na sketi hulala nayo. Zipu uiondoe, ni ya karne ya 20. Blauzi ya gauni hilo ilifungwa mbele kwa kulabu, na mkono wake ulianzia chini ya bega.

Mwalimu wa historia, Mbagala
Satini hiyo pia haikuwapo. Tumia pamba, na kwa bitana na gagulo tafuta merikani, kwa kuwa ndiyo nguo iliyoletwa Unguja kutoka Massachusetts kwa wingi baada ya mkataba wa biashara wa 1833. Tafadhali, wahusika Waswahili wavae merikani na kaniki. Kanga zilienea miongo ya mwisho ya karne ile, na inaniuma kuziona kwenye kila igizo la kale.

Mama Nasra
Ahsanteni sana. Zipu nimeshaifumua, na kesho ninakwenda Mtaa wa Uhuru kutafuta pamba. Bi Zuhura, mishono ya kiunoni ipishane kwa nafasi gani?

Bi Zuhura
Nusu sentimita, mwanangu, na uichore kwanza kwa chaki na rula. Pamba ikiwa nyepesi, weka kipande cha kitambaa kizito ndani ya ule ukingo uliokunja kabla hujaanza kuvuta.