Mawe ya Yonaguni chini ya bahari: kayachonga mtu ama ni mwamba tu?

Jamani hamjambo. Ile vidio ya mawe ya Yonaguni imeanza kuzunguka tena na hapa Lamu barazani watu nusra wavunjiane heshima, kwa hivyo naleta mjadala huku, kila mtu aje na lake. Kwa ambaye hajaiona, Yonaguni ni kisiwa cha Japani, magharibi kabisa, karibu na Taiwan. Mwaka 1986 mzamiaji mmoja, Kihachiro Aratake, alikua anatafuta pahali pazuri pa kutazama papa wa kichwa cha nyundo, akakuta chini ya maji jiwe kubwa mno lina ngazi, kona na sakafu bapa kama uwanja. Juu yake ni kama mita 5 tu kutoka usoni mwa maji, chini yafika kama mita 25. Profesa Masaaki Kimura wa Chuo Kikuu cha Ryukyu akasema huo ni mji wa watu wa kale, na tangu hapo hakujatulia.

Mi nasema ni mwamba tu.

Wanaopinga hoja yao kubwa ni moja, eti bahari haichongi kona za mraba. Sawa, bahari peke yake haichongi, lakini lile ni jiwe la mchanga, lililalia tabaka juu ya tabaka, halafu lina nyufa za kusimama wima zilizokwenda sambamba, na eneo lenyewe ni la matetemeko. Likitikisika linakatika pale pale kwenye ufa, kipande kinang'oka chote, kinachobaki ni ngazi. Robert Schoch, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Boston, alizama huko 1997 akaona hivyo hivyo, tena akasema jiwe lote limeshikana na mwamba wa chini, si mawe yaliyopangwa. Na hizo ngazi nyingine ni ndefu mno hata kwa mtu mrefu kupanda, sijui walikua wanapanda kina nani.

Sasa hapa kuna ndugu yetu wa Malindi alinijibu vizuri, lazima nimpe haki yake: mbona makanisa ya Lalibela kule Ethiopia yalichongwa kwenye mwamba mmoja na hakuna anayebisha? Hoja nzito hiyo. Lakini Lalibela kuna milango, madirisha, nguzo ndani, mifereji ya maji. Mtu akichonga, anachonga kwa shughuli fulani, unaiona. Yonaguni chumba kiko wapi?

Halafu nendeni hapa Maweni, Manda, muwaone wakata mawe. Jiwe likitoka shimoni pitisha kiganja ubavuni mwake, utahisi michirizi ya chuma, mmoja baada ya mwingine, na kando ya shimo kuna vifusi na vumbi jeupe mpaka viatu vyabadilika rangi. Kazi ya mkono haijifichi. Kimura kweli anasema ameona alama za patasi, ila wengine wakizitazama wanaona mikwaruzo ya kawaida tu, na serikali ya Japani mpaka leo haijaitambua kama turathi.

Msinielewe vibaya, sisemi hakukua na watu. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikua chini kama mita 120, pale palikua nchi kavu, na kisiwa cha Ishigaki hapo jirani imepatikana mifupa ya watu wa zamani hizo. Miji kuzama nako kupo, Pavlopetri huko Ugiriki iko mita chache tu chini ya maji, ina njia, nyumba, makaburi na vigae vya vyungu tele. Hata Shanga yetu, mji wa kale kule kisiwa cha Pate, nyumba za mwanzo za miti na udongo zilioza zote, lakini wachimbaji walikuta mashimo ya nguzo na vigae vikiwasubiri.

Jengine linalonitia shaka ni kwamba Kimura mwenyewe mwanzo alisema mji una miaka kama 10,000, baadaye akashuka mpaka 2,000 au 3,000, eti ulizamishwa na tetemeko. Bei gani hiyo ya kushuka hivyo?

Basi wewe wa Malindi, usinitumie picha ya ngazi tena, nishaiona mpaka nimechoka. Nitafutie kigae kimoja tu kilichotoka kwenye mwamba ule na umri wake umepimwa, hapo ntakaa nikusikize.