Darasa la nne walifaulu karibu wote, darasa la saba wameanguka. Tumlaumu nani? (Kasulu)

BintiHeru:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi moja huku Kasulu vijijini. Naomba ushauri kabla ya mkutano wa wazazi.

Matokeo ya darasa la saba yametoka, tumekuwa wa mwisho kwenye kata. Zaidi ya nusu ya watoto hawakufaulu. Kinachotuchanganya ni kwamba watoto hao hao kwenye upimaji wa darasa la nne walifaulu karibu wote, tukapongezwa, mpaka mbuzi akachinjwa. Sasa wazazi wanasema mwalimu wa darasa la saba ndiye kawaharibu, wanataka ahamishwe. Wengine wanasema tuchange watoto walale shuleni, wakae kambi na wafanye majaribio kila wiki mpaka Septemba. Mchango unaotajwa ni mzito kwa mtu anayetegemea maharage.

Nina mtoto darasa la sita na mdogo wake yuko la pili. Huyo mwalimu namfahamu, anafika mapema na anaondoka jua limezama. Inaniuma anavyobebeshwa yote. Nimtetee vipi, na hiyo kambi niikubali au niikatae?

BabuWaUjiji:
Kambi inasaidia, tusidanganyane. Wajukuu zangu hapa mjini walikaa kambi na matokeo yakapanda. Mtoto wa kijijini akirudi nyumbani anachota maji, anabeba mdogo wake, taa hakuna. Atasoma saa ngapi? Changeni.

MwlUvinza:
Dada BintiHeru, pole sana. Nafundisha shule ya msingi huku Uvinza, na jambo hili linatukuta wengi. Kabla hamjamhamisha mtu, rudini kwenye matokeo yale ya darasa la nne.

Ufaulu hauhesabiwi sawa kwenye madarasa hayo mawili. Darasa la nne mwenye A, B, C, hata D, anahesabiwa amefaulu. Anayekwama ni wa E. Darasa la saba ni A mpaka C tu. Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Mwenye 121 ana C, kafaulu. Mwenye 120 ana D, hakufaulu. Sasa mchukue mtoto aliyepata D darasa la nne, mkachinja mbuzi. Akae miaka mitatu pale pale, asipande wala asishuke, akifika la saba anaandikwa hakufaulu. Mwalimu wa la saba kampokea akiwa hivyo.

Matokeo yapo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, kila shule, kila mtahiniwa na daraja lake kwa kila somo. Mwombeni mwalimu mkuu ayachapishe. Hesabuni D ni ngapi, kisha tazameni Kiswahili peke yake. Mtoto anayehangaika na Kiswahili atahangaika na Sayansi na Maarifa ya Jamii pia, maana maswali yake ni ya kusoma.

Niliwahi kuwa na binti darasa la sita. Swali lilikuwa hili: mkulima alivuna magunia 24 ya maharage, akauza robo tatu, akabakiwa na mangapi? Akaandika 24, akaishia hapo. Nikamwita pembeni nikamsomea swali lile lile taratibu, kwa sauti. Akatazama juu kidogo, akasema, "Sita, mwalimu." Hesabu alikuwa nayo, kusoma ndiko kulikomshinda. Mtoto wa aina hiyo ukimpa karatasi ya majaribio kila Ijumaa, kila Ijumaa unamwonyesha kwamba hajui. Mzee wangu wa Ujiji, kambi inamfaa anayesoma tayari.

MstaafuNzega:
Mwalimu kasema kweli. Nilikuwa afisa elimu kata huku Tabora mpaka nilipostaafu, na niongeze lililokuwa likinisumbua. Shule nyingi zinamweka mwalimu hodari darasa la nne na la saba kwa sababu ndiko kwenye mtihani wa taifa. La kwanza na la pili, ambako mtoto anajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, anapewa aliyekosa pa kupangwa. Mkiwa mkutanoni ulizeni: nani anafundisha darasa la kwanza, na ana watoto wangapi mle ndani? Mama, wewe una mtoto la pili, hilo linakuhusu leo hii.

Hiyo habari ya kuwa wa mwisho kwenye kata isiwatie wazimu. Baraza lenyewe liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora mwaka 2023. Kuhusu mchango, tangu 2016 elimu ni bila ada. Wazazi wanaweza kukubaliana kuchangia, lakini mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hakutoa.

KijanaWaKibondo:
Mimi nilianza shule sijui Kiswahili, nyumbani ni Kiha tu. Mwalimu wa kwanza alikuwa Muha mwenzetu, akawa anatueleza neno kwa Kiha kisha tunalisoma kwa Kiswahili. Bila yeye ningekariri kurasa tu. Wapo wenzangu waliosoma kitabu kizima kwa kichwa, ukiwafunika picha hawajui wako wapi.

BintiHeru:
Nimesoma yote, nikamwita huyu wa darasa la sita. Nimempa kitabu cha mdogo wake. Ameusoma ukurasa wote, lakini nilipomuuliza nani aliyepotea kwenye hadithi, amenyamaza. Nimeshtuka. Sasa shule ina watoto mamia, nani atamsikiliza mmoja mmoja?

MwlUvinza:
Inawezekana dada. Chukueni hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, kila mtoto asome peke yake na aulizwe maswali mawili. Ni dakika chache tu kwa mtoto. Uwezo, wale wapimaji wa kusoma na kuhesabu wa shirika la Twaweza, walipima watoto majumbani kwa kiwango hicho hicho. Andikeni: huyu anaishia kwenye herufi, huyu neno, huyu sentensi, huyu hadithi na anaielewa. Kisha kuanzia la tatu hadi la sita wagawanywe kwa kiwango hicho, si kwa darasa, kwa muda wa saa moja kila siku. Mama au kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kushika kundi la herufi. Badala ya fedha ya kambi, changeni mahindi na maharage ili watoto wapate kula shuleni, hiyo saa ipatikane bila njaa. Msisubiri Oktoba, mvua zikianza nusu ya darasa iko shambani.

Na muwahi. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wako kwenye mtaala mpya, wanamalizia la sita 2027. Wana mwaka mmoja pungufu wa kurekebishiwa.

BintiHeru:
Mahindi yatapatikana, hilo nina hakika. Ila nikisimama nianze na lipi? Wazazi wamekuja na hasira.

MstaafuNzega:
Anza na zile D za darasa la nne. Isomwe idadi tu, jina la mtoto lisitajwe. Kisha omba mwalimu wa la saba apewe nafasi ya kusema kabla hoja ya kumhamisha haijapigiwa kura.