Tupeane uzoefu: karatasi inayodai kuthibitisha 2 = 1 inayozunguka barazani Ngamiani, Tanga

Mgosi wa Chumbageni: Imeshafika mpaka kwa wauza kahawa. Wanaofundisha hesabu, kosa liko mstari upi?

Bi Raskazoni: Wa tano. Anza a = b. Zidisha kwa a: a² = ab. Toa b²: a² − b² = ab − b². Tenga vigawo: (a − b)(a + b) = b(a − b). Mpaka hapo kweli tupu, 0 = 0. Kisha mtu "anakata" (a − b), anabaki na a + b = b, yaani 2b = b, ndiyo 2 = 1 yake. Kagawanya kwa sifuri huyo! Neno "kukata" ndilo linaloponza. Sema "nagawanya kwa a − b", utajiuliza mwenyewe ni ngapi.

Pongwe Juu: Naam. Mafungu 0 ya machungwa ya Muheza, fungu liwe la matano au la saba, kapu ni tupu. 5 haijawa 7.

Kidato cha Nne: Lakini 0 ÷ 0 si ni 1?

Bi Raskazoni: Siyo, mwanangu. Unauliza 0 uizidishe kwa ngapi upate 0. Yoyote inafaa, kwa hiyo jibu moja maalumu halipo.

Mcheza Drafti: Hiyo ndogo. 16 − 36 = 25 − 45. Ongeza 81/4 kila upande: (4 − 9/2)² = (5 − 9/2)². Ondoa vipeo: 4 = 5. Sifuri iko wapi?

Kidato cha Nne: Duh.

Mgosi wa Chumbageni: Nimeipitia mara tatu, sioni kitu.

Pongwe Juu: Piga hesabu ndani ya mabano: kushoto −½, kulia ½. Vipeo vya pili ni ¼ vyote, namba zenyewe zinapingana. Kipeuo cha pili cha x² hakiwi hasi. X ikiwa hasi, jibu ni −x.

Mcheza Drafti: Basi dawa ni kutokata kamwe.

Bi Raskazoni: Kata, ila andika pembeni a ≠ b. Kwenye x² = 5x ukikata x kienyeji, jibu 0 limepotea.

Pongwe Juu: Mimi naweka namba kila mstari. a = b = 3: wa nne 0 = 0, wa tano 6 = 3. Mwizi kashikwa.

Bi Raskazoni: Usiweke 0 tu! (a + b)² = a² + b² inapita b ikiwa 0. Weka 2 na 3: 25 na 13.

Mgosi wa Chumbageni: Na shilingi 1 = senti 10 × senti 10 = shilingi 0.1 × shilingi 0.1 = senti 1?

Pongwe Juu: Senti mara senti ni senti za mraba, kaka. Nenda nazo soko la Mgandini kanunulie dagaa.