Vifaru vya majaribio: ukiwa na nafasi moja tu gerejini, unachukua kipi?

deraya_nzito

Wakuu, heshima kwenu. Mada hii ni ya wanaocheza War Thunder, mchezo wa vita vya vifaru mtandaoni, na wa mwenzake World of Tanks pia karibuni. Kila msimu watu wanaomba vifaru adimu viongezwe au virudishwe, na hoja kubwa huwa ni "kina mzinga mkubwa". Kwangu hiyo haitoshi. Kifaru cha majaribio kinastahili nafasi kama kiliundwa kweli kwa chuma kikatembea, na kama kinakulazimisha ucheze kwa namna ambayo vifaru vya kawaida havikupi. Nimelinganisha vinne.

Maus: cha Ujerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, tani 188, mzinga wa milimita 128 na mwingine wa milimita 75 ubavuni mwake. Viliundwa viwili tu, na kilichobaki kwenye makumbusho ya Kubinka, Urusi, ni bodi (mwili wa chini) ya kimoja iliyovalishwa mnara (kichwa kinachozunguka chenye mzinga) wa kingine. Injini yake haikuzungusha minyororo moja kwa moja, ilizalisha umeme wa kuendesha mota. Madaraja yasingekibeba, kwa hiyo mpango ulikuwa kipite chini ya maji huku Maus mwenzake akiwa ukingoni anakilisha umeme kwa kebo. Kwenye mchezo kinaogopesha mpaka akutane na risasi za kisasa za baada ya vita, zinazotoboa deraya bila kujali unene anaojivunia.

T28, ambacho wengi tunakiita T95: cha Marekani, tani 86, mzinga wa milimita 105, hakina mnara, minyororo minne. Mbele chuma ni milimita 300 hivi. Spidi ndiyo kilio chake.

MBT-70: hapa ndipo moyo wangu ulipo. Marekani na Ujerumani Magharibi walikubaliana mwaka 1963 kuunda kifaru kimoja cha pamoja. Mzinga wa milimita 152 unaofyatua risasi za kawaida na pia kombora la Shillelagh, mtambo wa kujipakia, na bodi inayojishusha, kujiinua na kuinama upande unaotaka. Kubwa kuliko yote, dereva hakai chini mbele kama kawaida. Anakaa ndani ya mnara pamoja na wenzake, kwenye kibanda chake kinachozunguka kinyume ili mnara ukigeuka yeye aendelee kutazama mbele. Madereva wa majaribio walilalamika kizunguzungu. Gharama zikapanda, Wajerumani wakajitoa, na Bunge la Marekani likakata fedha mwaka 1971. Wajerumani wakaenda kwenye kifaru chao Leopard 2, Wamarekani kwenye Abrams.

TTB: bodi ya Abrams, miaka ya 1980, mnara usio na mtu ndani. Askari watatu wanakaa bega kwa bega mbele ya bodi, na mzinga wa milimita 120 unajipakia wenyewe kutoka kwenye duara la risasi 44.

Kura yangu MBT-70. Nanyi?

chuma_tu

Mkuu umeanza pazuri, na hilo la chuma nalishikilia kwa mikono miwili. Waliokuwepo zamani wanakumbuka Panther II. Mchezoni ilikuwa na mzinga wa milimita 88, watu wakaipenda sana. Lakini kilichoundwa kweli ni bodi, ikachukuliwa na Wamarekani, na leo imewekwa mnara wa Panther ya kawaida. Ile yenye milimita 88 haikuwahi kutembea popote. Mwaka 2019 waundaji wa War Thunder wakaiondoa kwenye mti (orodha ya vifaru unavyofungua kadiri unavyocheza) pamoja na Tiger II ya milimita 105 na Coelian ya kutungua ndege, na kelele zilikuwa nyingi. Mimi niliunga mkono. Ukiruhusu vifaru vya karatasi, kila mtu atakuja na mchoro wake, na aliyechora vizuri kwa kalamu ndiye atakayeshinda vita.

Nafasi yangu naipa Maus.

kasi_kwanza

T95 jamani hapana. Spidi yake ni kama kilomita 13 kwa saa, na hiyo ni barabarani. Kilomita moja ni karibu dakika tano! Unafika kwenye pointi ya kuteka, wenzako walishaichukua, wameipoteza, wameichukua tena. Na ukifika ubavu wako uko wazi, huna mnara wa kugeuza, unageuza tani 86 nzima kumtafuta aliyekuzunguka.

deraya_nzito

@kasi_kwanza kwenye ramani za kushambulia nakubali. Lakini kukiwa na kichochoro kimoja cha kulinda, mtu akijiegesha humo uso umeelekea adui, kumtoa ni kazi. Na historia yake inanivutia: viliundwa viwili, kimoja kiliungua kwenye majaribio, kingine kilisahaulika mpaka 1974 kilipokutwa nyuma ya uwanja wa kambi ya Fort Belvoir, Virginia. Minyororo miwili ya nje ilikuwa inafunguliwa, inaunganishwa pamoja na kuvutwa nyuma, ili upana upungue wakati wa kusafirishwa.

pwani_pingi

Naongeza kitu ambacho hamjagusa. Sisi wa Dar tunacheza kwa seva za Ulaya, pingi (ucheleweshaji wa mtandao) unaijua ilivyo. Kwa mtandao wangu, kifaru chepesi kinachotegemea kuchungulia na kurudi haraka kinanitesa. Unajiona umesharudi nyuma ya ukuta, kwa adui bado uko nje, unakufa ukiwa umejificha. Kifaru kizito kinanivumilia. Hivyo Maus kwangu ni chaguo la kweli, siyo la sifa.

Ila hiyo MBT-70 inayojishusha nimeipenda. Ukiwa juu ya kilima unainamisha bodi mbele, mtutu unashuka, mwili unabaki umefichwa. Hapo pingi haikuumizi sana kwa sababu hukimbii, umekaa.

nyumba_ya_kasoko

Mbona hakuna aliyetaja Kifaru cha Tsar? Kile chenye magurudumu makubwa kama ghorofa. Nakitaka!

chuma_tu

@nyumba_ya_kasoko kigezo cha kwanza kinapita nusu. Cha Lebedenko, Urusi, magurudumu mawili ya mbele yenye kipenyo cha mita 9, kila moja na injini yake ya Maybach. Agosti 1915 kilijaribiwa msituni karibu na Dmitrov. Kilianza vizuri, kikavunja mti, kisha lile gurudumu dogo la nyuma likazama kwenye udongo laini na injini zikashindwa kulitoa. Hakikutoka hapo. Kilikaa msituni mpaka 1923 kikakatwa vyuma chakavu. Kwenye mchezo risasi moja ya spoku na umeegeshwa. Kwa siku moja ya sherehe sawa, lakini siyo kuchukua nafasi ya mtu gerejini.

magurudumu8

Wadau, tunaongelea Ulaya na Marekani tu wakati Waafrika Kusini wapo. Walipoongezwa chini ya mti wa Uingereza mwaka 2021 ndipo nilianza kuupenda mchezo huu. Angalieni Rooikat: magurudumu manane, mzinga wa milimita 76, spidi mpaka kilomita 120 kwa saa. Nchi yao ni pana, vita vya Angola vilikuwa vya umbali mrefu, minyororo ingelika na kusafirisha ingekuwa shida. Wakaamua magurudumu. Halafu juu ya bodi hiyohiyo wakajaribu ZA-35, mizinga miwili ya milimita 35 ya kutungua ndege, ambayo haikuingia jeshini. Huo ndio mfano wa prototaipu yenye sababu: imezaliwa na ardhi yake. Maus alizaliwa na nini zaidi ya mtu mmoja kutaka kitu kikubwa?

chuma_tu

@magurudumu8 hoja ina mashiko. Nabaki na Maus, lakini ina mashiko.

binti_darubini

Habari zenu. Mimi naitetea TTB maana mmeipita haraka, na ndiyo pekee kati ya hivyo vinne ambayo ingebadilisha namna ya kumlenga adui.

Kwa sasa ukiona mnara umechomoza unapiga hapo, kwa sababu ndani kuna kamanda, mpigaji na mara nyingi mpakiaji. Ukiwaua watatu kati ya wanne, mchezo wake umeisha. Kwenye TTB mnara hauna mtu. Ukiupiga unaharibu mzinga, yeye anarudi nyuma anatengeneza, anakuja tena. Lakini watu wake watatu wamekaa safu moja mbele ya bodi. Risasi moja ikipenya pale chini, wote wanaondoka. Kwa hiyo anayeiendesha atatafuta kilima kila mechi, na anayeiwinda atasubiri ashuke. Tambarare ni kaburi lake.

MBT-70 deraya_nzito anaisifia kwa ufundi, na ni kweli, lakini ukiwa unacheza, kibanda cha dereva hukihisi. Unahisi bodi kuinama, basi.

Halafu ombi langu moja. Mkiandika maombi ya vifaru tumieni vitabu na nyaraka zilizo wazi. Mwaka 2021 mchezaji aliweka kwenye jukwaa la mchezo kurasa za mwongozo wa siri wa Challenger 2, kifaru cha Uingereza, ili ashinde mabishano, zikafutwa, na waundaji walishasema hawatumii nyaraka za siri. Unahatarisha kazi yako na kifaru hakibadilishwi.

kasi_kwanza

Dada umenihamisha. TTB.

deraya_nzito

@binti_darubini la bodi kuinama ndilo ninalolitaka, kwa hiyo MBT-70 inabaki yangu. Lakini kwa kuwa yenyewe tayari imo mchezoni, ombi jipya tuliandike la TTB. Nitaanza na mpangilio wa viti na lile duara la risasi 44. Mwenye picha za wazi za ndani ya bodi aziweke hapa chini, na magurudumu8 naomba ufungue mada ya Waafrika Kusini, nitakuja.